Nilinunua NAS ili nisipoteze picha za watu, nikaikosa picha ya mama yangu mdogo

Wakuu, salamu kutoka Uvira, huku juu kabisa ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo.

Juzi kuna mwenzetu humu aliuliza anunue kifaa gani cha kuhifadhia picha nyumbani. Wachangiaji wakamrushia majina ya makampuni, wakaanza kutukanana, uzi ukafia hapo. Mimi sitataja kampuni hata moja. Nitaeleza yaliyonikuta, bila kuongeza chumvi, na aibu yangu nitaiacha humo humo.

Niseme mapema, asiyependa story ndefu ajue anachosoma. Mimi ni mpiga picha. Nilikaribia kumzika mama yangu mdogo, aliyenilea, bila hata picha yake moja. Na mashine niliyoinunua ili nisipoteze picha ndiyo iliyonisaidia kuipoteza.

Kiswahili changu ni cha huku kwetu, kina Kifaransa ndani. Kikiponyoka mtanivumilia. "Mimi" kwetu ni minye, "wewe" ni weye, "ndiye" ni njo, "njoo" ni kuya, "kwa sababu" ni ju, mengine mtayaelewa njiani.

Haya.

Nina studio ndogo Kimanga, hapa hapa Uvira. Napiga picha za passport, ubatizo, collation, yaani mahafali ya wanafunzi wanaomaliza, na zaidi ya yote ndoa. Ndoa ndizo zinazonilisha.

Sasa elewa jinsi tunavyofanya kazi, maana kosa langu limetoka hapo. Baada ya ndoa, familia inakuja studio kuchagua. Anakuja bibi harusi, mama yake, na shangazi mmoja mwenye sauti. Kila familia ina shangazi huyo. Wanakaa mbele ya ordinateur, yaani kompyuta, mimi nabonyeza mshale, wao wanasema: "Iyi. Iyi pia. Apana. Apana. Iyi."

Zile za "apana" tunaziita picha za nyuma. Mtu amefumba macho. Mtoto amepita mbele ya kamera. Wapishi wanaosha sufuria. Dereva amelala kwenye kiti. Wapiga picha wote ninaowajua hapa Uvira wanafuta picha za nyuma familia ikishachagua. Nani atalipia picha ya dereva aliyelala? Tunazifuta tupate nafasi ya ndoa inayofuata, na hakuna anayekaa kulifikiria jambo hilo.

Mimi nilikuwa mvivu wa kufuta. Kwa miaka nilikuwa namwaga kila kitu kwenye disk moja ya nje, nikisema nitasafisha siku moja. Uvivu huo mtauona mbele.

Kilichonitia hofu ni maji. Ziwa lilipopanda, rafiki yangu Justin, naye mpiga picha, studio yake iko karibu na ufuko kuliko yangu. Disk zake mbili zilikuwa kwenye droo ya chini kabisa. Alikuta droo imejaa maji, na disk ziko humo zinaogelea. Ndoa zote za miaka yake ya kwanza ya kazi zikaenda. Mpaka leo kuna familia haimsalimii.

Nilivyoona vile, nikanunua disk ya pili, nikanakili kila kitu, za mbele na za nyuma, nikampa mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa anapanda kwenda Luberizi. Kule kwenye tambarare ya Ruzizi kuna dada yangu Espérance, ameolewa kule, wanalima mpunga. Nikampigia: "Dada, kuna kitu nimekutumia. Weka pahali pakavu, panya wasifike."

Akauliza: "Iko nini ndani?"

Nikamwambia: "Watu. Watu wote niliopiga."

Akacheka, akasema ataweka. Tukaachana hapo.

Baadaye Justin, aliyeshashika adabu, ndiye aliyeniletea habari za NAS. Kwa wasiojua: ni kasanduku kadogo, ndani unaweka disk moja, mbili au zaidi. Unakachomeka kwenye router, basi simu na laptop zote za nyumbani zinakaona. Hakahitaji internet. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtandao wa ndani ya nyumba na internet ni vitu viwili. Router inaweza kukaa pale bila megas, yaani bando, hata moja na NAS ikafanya kazi yake vizuri tu.

Wanaotushauri "weka kwenye cloud" tunawapenda, lakini waje wapandishe ndoa moja kwa internet ya huku. Utapandisha mpaka maharusi wapate mjukuu.

Mke wangu, Mama Baraka, alipoona nachora michoro kwenye karatasi akauliza:

"Iyi kitu inaleta internet?"

"Apana."

"Inaonesha filamu?"

"Inaweza, lakini si kazi yake."

"Sasa kazi yake iko nini?"

"Kuchunga picha."

"Na weye kazi yako ilikuwa nini?"

Wakuu, nilikunja karatasi yangu. Huyu mwanamke sijui kwa nini hakusomea sheria.

Nije kwenye kuchagua, maana ndicho alichouliza yule mwenzetu.

Nilikwenda Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, kwa muuzaji ambaye Justin alimwamini. Nilikuwa nimesoma sana, kichwa kimejaa. Nilijua nataka ya disk mbili, si moja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nilijua disk zenyewe ziwe zile zilizotengenezwa kwa kazi ya kuwaka mfululizo, si zile za kawaida za ordinateur. Nilijua lazima ninunue na onduleur, ile betri inayoshika umeme ukikatika, kwa sababu courant ya Uvira inakuja ikijisikia na kuondoka bila kuaga. NAS ikizimwa ghafla ghafla kila siku inaumwa. Hayo yote nilichagua sawa na mpaka leo siyajutii.

Tatizo lilikuwa ukubwa. Muuzaji aliniuliza: "Unataka disk za tera ngapi?"

Nikapiga hesabu kichwani. Picha za kuchaguliwa kwa ndoa moja, mara ndoa za mwaka, mara miaka kadhaa. Tera mbili zikanitosha na kubaki.

Akasema: "Chukua nne. Kila mtu anarudi kuchukua nne."

Nikamjibu, na hii sauti naisikia mpaka leo: "Kaka, minye najua kazi yangu."

Mnaona? Nilihesabu za "iyi" peke yake. Picha za nyuma hazikuingia kabisa kwenye hesabu, kama vile hazipo.

Nikarudi nyumbani kama mfalme. Nikaweka disk zote mbili kwa mtindo wa kioo, yaani mirror. Ukiandika kitu, kinaandikwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Nikahamisha kila kitu kutoka disk ya zamani. Ilichukua siku mbili na nusu, na courant ilikatika mara nne, onduleur ikashika zote nne. Nilikuwa nampigia Justin simu kumwambia taa zinavyowaka.

Na ile disk ya zamani? Niliifuta yote, nikaijaza filamu na mahubiri ya Mama Baraka. Nilisema, ya nini tena? Nina mashine yenye disk mbili, kioo, nani kama mimi?

(Samahani wakuu, courant ilikatika hapo. Naendelea.)

Miezi michache tu, mashine ikaanza kulia imejaa. Tera mbili hizo zangu nilizozihesabu.

Badala ya kukubali kwamba muuzaji alisema kweli, nikakaa chini kufuta. Siku nzima, chai pembeni, naingia ndoa moja baada ya nyingine, nachagua picha za nyuma, nafuta. Nikaenda kwenye corbeille, kapu la vilivyofutwa, nikaimwaga. Kulikuwa na kitu kinaitwa snapshot, ambacho kinakumbuka hali ya jana hata ukifuta leo. Nikaona kinakula nafasi, nikakizima na kufuta zile snapshot zote za zamani.

Hapa nisomeni taratibu. Kioo si backup. Disk moja ikifa, kioo kinakuokoa. Lakini weye mwenyewe ukifuta, kioo kinakutii: kinafuta huku na huku kwa sekunde ile ile. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilifanya nilichoiambia.

Ikabaki disk ya Luberizi. Nikampigia Espérance anirudishie, niisafishe nayo, nipate disk ya bure.

Akasema barabara mbaya. Wiki iliyofuata akasema wako kwenye mavuno. Iliyofuata akasema yule mfanyabiashara wa mchele amehama. Mara ya nne nikamfokea: "Dada, iko kitu ya kazi! Weye unaichezea!" Akakata simu. Tukakaa bila kuongea karibu miezi miwili, kwa ajili ya disk ya nje. Najua, ni ujinga.

Sasa nimtaje mama mdogo.

Anaitwa Zawadi. Mdogo wake mama yangu. Mama alifariki mimi niko shule ya msingi, na Mama Zawadi akanichukua kwake Runingu, kwenye tambarare huko huko, kabla hujafika Luberizi. Nilikula kwake mpaka nilipokuja Uvira kujifunza kazi. Alikuwa mpishi wa sherehe. Ndoa yoyote kuanzia Runingu kushuka mpaka Kavimvira, ukiona sufuria tano kwenye moto na mama mmoja anaamrisha wenzake, ni yeye. Kwa hiyo tulikutana kazini mara nyingi, mimi mbele na kamera, yeye nyuma na mwiko.

Kila mara nilimwambia: "Mama, kuya nikupige picha." Na kila mara alijibu: "Ngoja nibadilishe kitenge. Mikono iko na unga." Nami nikasema sawa, siku moja nitakupiga ya peke yako, umekaa vizuri, studio. Siku moja, siku moja. Miaka ikapita hivyo.

Alifariki siku ya Jumanne asubuhi. Presha. Alikuwa anachambua maharage ya watu, akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala.

Binti yake, Furaha, alinipigia. Alilia kwanza, nikalia nami. Halafu akasema: "Yaya," ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "tunazika Alhamisi. Weye njo photographe. Utaleta picha ya Mama ya kuweka juu ya sanduku, na ingine ya msalaba."

Kwetu picha hiyo si mapambo, wakuu. Inatangulia mbele ya sanduku, mtoto wa marehemu ameishika. Watu wanaitazama wakati wa kuaga. Baada ya maziko inatundikwa ukutani, na wajukuu ambao hawajazaliwa watamjua bibi kwa hiyo. Kumzika mtu bila picha ni kama kusema hakuwa na wa kwake. Na Furaha hakuwa na kitu: simu yake ni ya tochi, haina kamera. Tegemeo lake lilikuwa mimi.

Nikamjibu: "Usiogope. Iko mu mashine."

Nilisema vile kwa moyo wote. Sikudanganya. Niliamini ipo.

Nikafungua NAS. Ina programu inayotambua nyuso, inakupangia watu kwa vichwa vidogo vya duara. Nikaanza kushuka. Bibi harusi. Bibi harusi. Bwana harusi. Wasimamizi. Mchungaji. Shangazi wenye sauti, karibu wote. Mimi mwenyewe kwenye kioo cha salon. Bibi harusi.

Nikashuka mpaka mwisho. Hayupo.

Nikarudi juu nikaanza upya, safari hii nafungua ndoa moja moja alizopika. Naona chakula chake kwenye sahani za wageni. Mukeke wake, sombe yake, ndagala zake. Yeye mwenyewe hayupo. Hata mkono.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya ile siku ya chai pembeni. Yebabawe! Nilikaa kwenye kiti cha wateja na nikalia kwa sauti, mpaka Mama Baraka akatoka ndani akidhani ni kwa sababu ya msiba tu. Nikamwambia: "Nimemufuta. Nimemufuta na mikono yangu."

Justin alikuja na programu zake za kufufua vitu vilivyofutwa. Kwenye NAS alikuwa hanipi tumaini, na kweli hatukupata kitu. Kwenye disk ya zamani tulifufua mahubiri.

Furaha akatuma kwa mtu wa moto, yaani pikipiki, carte ya electeur ya marehemu, kadi yake ya kupigia kura. Alikuwa anaitunza kwenye kitenge, imekunjwa kiunoni, miaka yote. Uso umesuguliwa na jasho mpaka umebaki kivuli cha kijivu chenye sikio moja. Nilijaribu kuikuza, ikatoka kivuli kikubwa zaidi.

Mama Baraka ndiye aliyeuliza: "Na ile ya Luberizi? Dada yako alirudisha?"

Wakuu, kwa mara ya kwanza maishani nilimshukuru Mungu kwa sababu mtu alikataa kunisikiliza. Halafu nikaogopa. Je, kama panya wamefika? Je, kama kwa hasira aliitupa? Nilimpigia, simu haikupatikana. Ujumbe wa msiba alikuwa ameupata kwa Furaha, lakini mimi na yeye hatukuwa tumeongea.

Jumatano alfajiri nikapanda moto na laptop mgongoni.

Njia inapita Runingu. Niliiona bâche ya bluu, turubai la msiba, imeshatundikwa kwenye parcelle, kiwanja cha Mama Zawadi, wanaume wamekaa kwenye viti, moshi wa jikoni. Nilimwambia mwenye moto asisimame. Nikavuta kofia chini. Nilipita kwenye kilio cha mama yangu kama mwizi, kwa sababu sikuwa na kitu mkononi.

Luberizi nilimkuta Espérance uani anaanua mpunga, amevaa tayari ya kushuka kwenye kilio. Aliponiona hakunisalimia. Alisema:

"Umekuja kuchukua kitu yako ya kazi?"

"Dada, iko wapi?"

"Iko."

"Haikuharibika?"

"Iko mu mbegu."

Alikuwa ameifunga kwenye mifuko ya plastiki mitatu na kuitia katikati ya pipa la chuma la mbegu za mpunga, pahali pakavu kuliko pote nyumbani kwake, maana mbegu zikilowa hawana msimu ujao. Kifuniko kina jiwe juu. Panya angehitaji fundi.

Nikamwuliza kwa nini hakuituma muda wote ule.

Akanitazama. "Ju ningeituma, usingekuja. Una miaka mitatu haukanyagi hapa. Nikasema, akiihitaji kabisa, atakuja yeye mwenyewe. Minye ningejua namna gani kama utakuja siku ya leo?"

Akaanza kulia, nami pia. Tukashikana pale kwenye mpunga. Halafu akanisukuma: "Fungua basi, tuone."

Laptop juu ya gunia, disk ikawaka. Nilijua pa kuanzia. Kulikuwa na ndoa moja Kavimvira, binti wa jirani yake wa Runingu, Mama Zawadi ndiye aliyekuwa mkuu wa jikoni. Nikaingia picha za nyuma. Kiatu. Kiti. Mtoto na soda. Dereva.

Halafu yeye.

Kushoto kuna bega la msimamizi na nusu ya maua. Nilikuwa napiga picha wasimamizi, nikaitwa nyuma, nikageuka na kidole bado kiko kwenye kibonyezo. Katikati amesimama Mama Zawadi mbele ya moto wake, kitambaa kichwani, unga mpaka kwenye viwiko. Ameshika sahani iliyofunikwa na sahani nyingine. Mdomo uko wazi. Anaitazama kamera moja kwa moja. Picha imetikisika kidogo, lakini uso uko wote.

Espérance akaweka mkono mdomoni. "Uyu njo yeye. Anabeba nini?"

"Sahani."

"Ya nani?"

Nikajigusa kifua. Ilikuwa yangu. Kila ndoa aliyopika, kabla wageni hawajamaliza vyungu, alikuwa ananitengea sahani, anaifunika, ananiita: "Weye mutoto, kuya kula!" Nina watoto watatu na kitambi, yeye ananiita mutoto mbele ya wateja. Wakati mwingine nilikuwa naona aibu.

Na nikakumbuka kitu kibaya zaidi. Nikakumbuka siku ya kuchagua ya ndoa ile. Picha hii ilipotokea, shangazi mwenye sauti alicheka akasema: "Iyi ya mama wa sahani, toa." Nami nikacheka naye, nikabonyeza. Sikusema kwamba yule ni mama yangu.

Nimeandika hilo na nimeliacha.

Nilinakili picha ile mara tatu kabla sijasimama: laptop, flash disk, na simu. Disk nikairudisha kwenye pipa la mbegu mwenyewe, nikaweka jiwe. Espérance alishuka Runingu kwenye kilio, mimi nikarudi Uvira. Nikachapa kubwa moja na ndogo moja, nikaziweka kwenye cadre, yaani fremu.

Alhamisi asubuhi tulifika Runingu mapema, mimi na Mama Baraka. Baba mkubwa, kaka wa marehemu mume wa Mama Zawadi, aliitazama picha akakunja uso.

"Uyu muntu anabeba sahani. Juu ya sanduku? Watu watasema nini? Kata iyo sahani."

Kiufundi ingewezekana. Nilikuwa na laptop, na mashine ya kuchapa ya mtu haikuwa mbali. Kwa kweli nilishafungua laptop.

Furaha akaichukua cadre mikononi mwa baba yake mkubwa, kwa heshima, lakini akaichukua. "Baba, akikata sahani atakata na mikono. Acha vile iko."

Kina mama wa jikoni, wale aliokuwa anawaamrisha, walikuja kuangalia. Mmoja akapiga makofi: "Njo yeye! Njo yeye kabisa! Anaita muntu kula!" Wakacheka na kulia pamoja, na baba mkubwa mwenyewe akajikuta anatabasamu. Laptop nikaifunga.

Furaha alitangulia nayo mbele ya sanduku mpaka kaburini, na sahani yake.

Sasa, kwa yule mwenzetu aliyeuliza anunue nini.

Nunua ya disk mbili, sawa. Ukubwa hesabu kila kitu unachopiga, halafu zidisha mara mbili, na muuzaji akikuambia chukua nne, chukua nne, usijifanye unajua. Nimenunua za nne sasa. Onduleur ni lazima. Snapshot iache iwake, hiyo nafasi inayokula ni kodi yake. Na kioo usikiite backup mbele yangu. Backup ni nakala iliyo pahali pengine, nyumba nyingine, mji mwingine ukiweza, pahali ambapo mkono wako ukikosea haufiki. Yangu iko Luberizi ndani ya mbegu. Kila baada ya miezi mitatu naipeleka mpya mwenyewe na kurudi na ya zamani. Mwenyewe, siyo kwa mfanyabiashara wa mchele. Espérance hupika siku hiyo, na njiani nasimama Runingu kwa Furaha.

Picha za nyuma sifuti tena. Shangazi akisema "apana", nasema sawa mama, naziweka upande.

La mwisho, kisha niwaachie uwanja.

Baada ya maziko niliifuata disk ya Luberizi, nikarudisha yaliyokuwemo, yote, kwenye mashine yenye disk mpya. Ile programu ya nyuso ikafanya kazi siku nne. Siku ya tano nikafungua nikakuta kichwa kipya kwenye duara, kitambaa kichwani, na chini yake mashine imeniuliza kwa Kifaransa: huyu ni nani?

Nikaandika: Mama Zawadi.

Ikanikusanyia zingine zote. Kumbe alikuwepo kwenye karibu kila ndoa, nyuma ya bega la mtu, pembeni ya nguzo, kwenye moshi. Nilizipitia moja moja. Katika nyingi kati ya hizo haangalii maharusi. Anaangalia upande wangu, kuona kama nimekula.

Wakuu, hebu fungueni simu zenu sasa hivi. Mtafuteni yule anayewawekea chakula. Mkimkosa, mjue bado mna nafasi ambayo mimi sina: simameni mkampige picha hivyo hivyo na unga wake mikononi. Waliokwisha kununua NAS waseme walikosea wapi, na wenye njia ya kufufua kilichofutwa kwenye kioo wanifundishe, nimebakiza ndoa mbili alizopika ambazo hazikufika Luberizi.